Kikuza ishara cha vihisi mvuto

Kifaa cha elektroniki kinachokuza umeme hafifu wa vihisi vilivyofungwa kwenye beringi za rola, ili mtambo ujue karatasi, plastiki au kitambaa kinachopita kimekazwa kiasi gani. Kihisi cha milivolti 2 kwa volti, kikipewa volti 10, hutoa milivolti 20 tu kikibeba mzigo wake wote. Kikuza ishara huzigeuza kuwa volti 0 hadi 10 au miliampea 4 hadi 20.

Urekebishaji ndio kazi hasa. Fundi hufuta kwanza uzito wa rola yenyewe, kisha hupitisha kamba katika njia ileile ya karatasi, hufunga ncha moja na kuning'iniza jiwe la mizani kwenye nyingine. Kamba ikipotoka njia, pembe hubadilika na vipimo vyote huwa vya uongo.