Nakala Zilizosalimika: Majalada ya Ebola katika Beni na Butembo, 2018–2022

Tarehe 24 Julai 2018 Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba mlipuko wa Ebola uliokuwa mkoani Équateur, wa tisa tangu ugonjwa huo utambuliwe Yambuku mwaka 1976, umekwisha. Wiki moja tu baadaye, tarehe 1 Agosti, ukatangazwa wa kumi, na safari hii ugonjwa ulikuwa upande wa pili wa nchi: Mangina, mji mdogo ulio magharibi ya Beni. Swali lililotangulia mengine yote lilikuwa, kwa hakika, swali la historia. Je, virusi vya Mangina vilitoka Équateur? Ikiwa vilitoka huko, basi kulikuwa na watu waliovuka nchi nzima wakiwa na ugonjwa bila kuonekana, na kila kituo cha safari yao kilipaswa kutafutwa. Ikiwa havikutoka huko, basi vilikuwa vimemwingia binadamu upya kutoka kwa mnyama, na juhudi zote zingeelekezwa Beni na majirani zake.

Jibu lilipatikana kwa kulinganisha majalada ya kompyuta. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Biolojia ya Kinshasa, ijulikanayo kwa ufupisho wake wa Kifaransa, INRB, ilisoma jenomu ya virusi vya Mangina ikaiweka kando ya zile za Équateur zilizokuwa zimekwisha hifadhiwa. Hazikuwa za ukoo mmoja wa karibu. Mlipuko wa kumi ulikuwa na chanzo chake wenyewe.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi kumbukumbu za mlipuko huo zilivyoandikwa, zilivyonakiliwa na zilivyogawiwa, na ni maswali gani yaliyoweza kujibiwa miaka iliyofuata kwa sababu tu nakala zilikuwapo.

Ni vema kwanza kulitazama neno lenyewe. Nakala limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Maana ya kunakili maandishi ilizaliwa humo. Mwandishi wa zamani alipolinakili jambo alikuwa akilihamisha, na nakala iliyobaki juu ya meza ileile pamoja na asili yake ilikuwa imefanya nusu ya kazi. Istilahi ya siku hizi imegeuka kuwa ya ushairi zaidi. Baada ya mabishano kuhusu tarakilishi na ngamizi, mabishano ambayo watumiaji waliyamaliza wenyewe kwa kusema kompyuta, sasa husemwa kwamba majalada huhifadhiwa winguni. Wingu hilo, kama ajuavyo kila anayelilipia, ni majumba ya mashine katika nchi za watu, yenye wenyewe, yenye umeme usiokatika, na yanayofikiwa kwa njia ya waya na minara ambayo mwenye mamlaka anaweza kuifunga.

Wazo la kuweka nakala mbali na asili si geni katika milima ya Wanande. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, ilimwagiza paroko kupeleka kila mwaka kwa askofu nakala halisi ya vitabu vya parokia, vikiwamo vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi. Jimbo la Beni, lililoundwa mwaka 1959 na kuitwa Butembo-Beni tangu 1967, lilizaliwa sheria hiyo ikingali inatumika. Nia ya sheria ilieleweka bila ufafanuzi: nyumba ya padri inaweza kuungua, na anayetaka kufunga ndoa atahitaji kuthibitisha ubatizo wake hata hivyo.

Mwaka 2018 vitabu vilikuwa vya namna nyingine. Kila mgonjwa aliyethibitishwa alifungua orodha ya watu waliokutana naye, nao walipaswa kutembelewa siku 21 mfululizo, kwa kuwa huo ndio muda wa juu ambao ugonjwa huchukua kujitokeza. Orodha hiyohiyo iliongoza chanjo, iliyotolewa kwa utaratibu wa duara: waliokutana na mgonjwa, kisha waliokutana na hao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilianzia kwenye karatasi, ikahamia kwenye majedwali ya kompyuta, na katika baadhi ya maeneo ikaingia katika Go.Data, programu iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kazi ya namna hiyo.

Hapa pana jambo ambalo wanaisimu wangepaswa kuulizwa mapema. Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kambale, Paluku, Kasereka, Masika, Kavira, Kahindo: kila nyumba inayo, na mtaa mmoja wa Butembo unaweza kuwa na makumi ya watu wenye majina mawili yaleyale kwa mfuatano uleule. Jina ambalo nyumbani humweleza mtu barabara, kwa kuwa humweka mahali pake kati ya ndugu zake, halimtofautishi na jirani linapofika kwenye jedwali. Ongeza kwamba mwandikaji mmoja husikia u na mwingine o, na kwamba mtu hujitaja kwa jina la ubatizo mbele ya muuguzi na kwa jina la ukoo mbele ya balozi wa mtaa. Orodha mbili zikiunganishwa bila uangalifu, watu wawili huwa mmoja na kukosa chanjo, au mmoja huwa wawili na wa pili hutafutwa siku 21 bila kupatikana. Kunakili vizuri kulihitaji umri, jina la mama, mtaa, na mara nyingi mtu wa palepale aliyewajua wote wawili. Hakuna mashine ya mbali iliyoweza kuifanya kazi hiyo.

Kisha kulikuwa na vita. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni ilikuwa imeshuhudia mauaji ya halaiki yaliyorudiwa mara kwa mara, na timu za afya zilifanya kazi humohumo. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi iliahirisha hadi Machi 2019 upigaji kura wa Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama; siku iliyofuata waandamanaji wa Beni walikishambulia kituo cha kupokea watu walioshukiwa kuwa na Ebola, na baadhi ya waliokuwamo wakatoroka. Uchaguzi ukafanyika kwingineko tarehe 30. Tarehe 31 Desemba intaneti ikakatwa nchini kote, nayo haikurejeshwa kabla ya Januari 19. Kwa siku hizo wingu lilikuwa limetanda juu ya nchi nyingine. Kilichokuwa juu ya meza Beni kilibaki Beni. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa, tarehe 24, na Butembo, tarehe 27, vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben.

Matukio hayo yanaonyesha pande mbili za shida moja. Jalada lililo mahali pamoja tu huteketea pamoja na paa. Lakini jalada lenye majina, mitaa na simu za watu, likienea kwa wengi, ni hatari ya aina nyingine mahali ambapo orodha yoyote ya majina huogopwa, na ambapo mgonjwa aliyepona aliweza kukataliwa na mwenye nyumba wake. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba watu walificha majina ya waliokutana nao. Woga huo uliitwa ujinga katika taarifa nyingi mno za wakati ule; ungeweza pia kuitwa busara ya watu waliokwisha kuona orodha zikitumiwa vibaya.

Majalada ya jenomu yalikuwa na tabia tofauti. Jenomu ya virusi vya Ebola huandikwa kwa herufi nne tu, nayo ina herufi 19,000 hivi, sawa na kurasa kumi au kumi na moja zilizopigwa chapa. Kati ya tarehe 27 Julai 2018 na 27 Aprili 2020 INRB ilikusanya jenomu mpya 744. Pamoja na 48 zilizotangulia zikawa 792, yaani karibu asilimia 24 ya maambukizi yote yaliyothibitishwa maabara. Zote pamoja ni herufi milioni 15, ambazo hutosha pembeni mwa kifaa cha kuhifadhia kinachoning'inizwa kwenye ufunguo. Ukubwa haukuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa kuzipata mapema, kuziandikia tarehe na mahali bila kumfichua mgonjwa, na kuziweka ambapo wengine wangeziona. INRB iliziweka katika hazina ya GitHub, ambayo hutunza kila toleo la jalada pamoja na historia ya mabadiliko yake, na michoro ya nasaba za virusi ikaonyeshwa kwa programu ya Nextstrain. Jambo hilo lina uzito katika bara ambalo sampuli zake zimezoea kusafiri bila kurudi. Safari hii usomaji ulifanywa na taasisi ya Kongo, na walio ng'ambo walipokea nakala.

Faida ilionekana kwa namna ya kutisha. Mgonjwa mmoja aliyekuwa amechanjwa aliugua, akatibiwa kwa mAb114, akapona katika siku 14. (Dawa hiyo nayo ilitokana na kumbukumbu ya namna yake: ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, iliyochukuliwa miaka 11 baada ya kupona kwake.) Miezi sita baadaye mgonjwa huyo aliugua tena, na akafariki. Je, aliambukizwa mara ya pili? Jalada la ugonjwa wake wa kwanza lilikuwapo. Likalinganishwa na la pili, ikadhihirika kwamba virusi vya mwisho vilikuwa wazao wa vile vya kwanza, wala havikutoka kwa jirani yeyote: ugonjwa ulikuwa umelala mwilini ukaamka. Kutoka kwake walipatikana wagonjwa 91 katika kanda sita za afya kwa muda wa miezi minne. Bila jalada la kwanza, kisa hicho kingeandikwa kama maambukizi ya kawaida, na mtu ambaye hakuwapo angetafutwa.

Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Ofisi za muda zilifungwa, magari yakaondoka, na kompyuta nyingi zikaondoka na wenyewe. Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ikatangazwa tena, katika eneo la Butembo. Jenomu iliposomwa ilikutwa kuwa ya ukoo wa 2018. Wagonjwa walikuwa 12 na waliokufa 6. Kwa mlipuko uliotangazwa nchini Guinea mwezi huohuo, ulinganisho wa namna hiyohiyo ulionyesha virusi vya mlipuko wa 2014–2016 vikirejea baada ya takriban miaka mitano. Tarehe 8 Oktoba 2021 ikawa zamu ya mji wa Beni, wagonjwa 11, na ukoo ni uleule.

Matokeo ya uchunguzi huo hayakuwa habari njema tupu kwa waliopona. Kusema kwamba ugonjwa ulitoka kwa mtu aliyepona, na si msituni, ni kusema kwamba jirani mwenye cheti cha kupona anaweza kuogopwa upya. Uwezo uleule uliozuia watu kuhangaika na popo ulileta mzigo kwa zaidi ya watu elfu moja wa eneo hilo, ambao walihitaji kufuatiliwa kwa miaka na, zaidi ya hapo, kulindwa. Majina yao yamo katika majalada ambayo, tofauti na jenomu, hayakupaswa kuwekwa hadharani hata mara moja.

Agosti 2022 mwanamke mmoja alifariki Beni, na sampuli yake ikathibitisha Ebola. Tarehe 22 Agosti, siku Serikali ilipoutangaza mlipuko huo, jenomu ilikuwa imekwisha somwa na kulinganishwa na zile za Mangina za miaka minne nyuma. Ilikuwa ya ukoo wao. Hakupatikana mgonjwa wa pili, na tarehe 27 Septemba daftari la mlipuko huo, lenye jina moja, likafungwa.