Kamba mbili: Euclid na parseli ya baba mdogo

Bandugu wa chama, mnakumbuka masomo ya shule ya msingi? Mwalimu alichora maumbo ubaoni, sisi tukaimba majina yake: carré, rectangle, losange. Tulipata pointi zetu, tukapita darasa. Mimi nilidhani majina hayo hayana kazi ingine, mpaka siku baba mdogo aliponunua parseli.

Muuzaji alisema: mita 30 kwa mita 20, basi ni mita za mraba 600. Baba mdogo si mtu wa kudanganywa bure. Alivuta kamba ya kupimia pande zote nne: 30, 20, 30, 20. Kila kitu sawa. Akalipa, wakasaini. Mimi mwenye diploma nilikuwa shahidi, nikasaini pia.

Kisha fundi akaja kupima msingi wa nyumba. Akaangalia pembe moja, akatikisa kichwa: "Papa, hii parseli haiko ekere." Akavuta kamba toka pembe moja hadi pembe inayoielekea. Mita 41 na kidogo. Akavuta ile ingine: haikutimiza 30. "Kama iko rectangle ya kweli, hizi kamba mbili zinapashwa kulingana," akasema.

Usiku huo niliigawanya parseli katika pembetatu mbili nikapiga hesabu. Ilikuwa karibu mita za mraba 564. Mita 36 tulizilipia lakini hazikuwepo. Hapo ni nafasi ya nyumba ndogo ya vyumba viwili. Nikaona haya, maana pande zile nne nilizipima na macho yangu mwenyewe.

Njo nikaanza kusoma historia, nikakuta kosa letu ni la zamani sana. Kule Edfu, Misri, kwenye hekalu la Horus, kuna maandishi ya ukutani ya wakati wa wafalme wa ukoo wa Ptolemaios, yanayoorodhesha mashamba ya hekalu. Kanuni yao ilikuwa hii: jumlisha pande mbili zinazoelekeana, chukua nusu; fanya vilevile kwa zile mbili zingine; kisha zidisha. Ukiipa kanuni hiyo parseli yetu, inakujibu 600, sawasawa na muuzaji. Kanuni ni ya kweli kwa mstatili tu. Kwa umbo lingine lolote la pembe nne, inazidisha eneo.

Lakini katika Misri ileile, chini ya ukoo uleule wa wafalme, kazi ya kutenganisha maumbo ilikuwa imeshafanyika. Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid aliandika kule Alexandria kitabu chake cha Elementi. Mwanzoni kabisa aliyapanga maumbo ya pande nne katika makundi matano. Mraba una pande sawa na pembe za ekere. Mstatili una pembe za ekere lakini pande zake si sawa zote. Losange ina pande sawa lakini haina pembe za ekere. La nne lina pande na pembe zinazoelekeana zikiwa sawa, lakini pande zote si sawa wala pembe si za ekere. Yaliyobaki yote aliyatupa katika kapu moja, akayaita trapezia.

Angalieni lile neno "lakini". Kwa Euclid, mraba si mstatili. Kila umbo linakaa nyumba yake. Ila mbele kidogo katika kitabu hichohicho, pendekezo la 34, anathibitisha kwamba katika umbo lolote ambalo pande zake zinazoelekeana ni sambamba, pande hizo ni sawa pia. Hapo makundi manne ya kwanza yanaingia pamoja chini ya dari moja: parallélogramme yetu ya shule, ambayo Watanzania wanaiita msambamba.

Katika karne ya 9, kule Baghdad, al-Khwarizmi naye alihesabu aina tano za pembe nne katika kitabu chake cha aljebra, ndani ya sehemu ya vipimo. Alisema wazi kwamba hesabu hizo ni za watu wanaogawana urithi, wanaopima ardhi, wanaochimba mifereji. Na maneno yetu mraba na mstatili yametoka katika Kiarabu, lugha aliyoandika.

Leo wanahesabu wengi wameondoa lile "lakini". Wanapanga kwa tabia: mraba ni mstatili ambao pande zote ni sawa, na mstatili ni msambamba wenye pembe za ekere. Faida yake ni kubwa. Ukithibitisha kitu kwa msambamba, mstatili na mraba vinakirithi bila kazi mpya. Lakini urithi haupandi juu. Si kila msambamba ni mstatili.

Na hapo ndipo tulianguka, mimi na baba mdogo. Pande zinazoelekeana kuwa sawa ni tabia ya msambamba. Tulipima tabia hiyo tu, kisha tukalipa bei ya mstatili. Fundi, ambaye sidhani amewahi kusikia jina la Euclid, alijua kinachokosekana: ulalo mbili zilingane, ama pembe moja iwe ya ekere.

Muuzaji hakurudisha kitu. Alijibu kwamba yeye alitaja pande, na pande ni za kweli. Hakusema uongo juu ya pande. Nyumba ya baba mdogo imejengwa, na upande mmoja wa kiwanja umebaki kipande chembamba cha pembetatu, ambapo mama mdogo amepanda lengalenga.

Wenzangu wenye diploma, watu wa nyumbani watawaita kuwa mashahidi wa parseli. Kabla ya kusaini, vuteni kamba mbili za katikati. Na kwenu, mnapimaka namna gani?