Hifadhi ya Wingu Vyuoni: Faili Lililosawazishwa Si Lazima Liwe Faili Lililo Salama

Na Mwandishi Wetu

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu hupewa, pamoja na namba ya usajili, anwani ya barua pepe ya chuo. Nyuma ya anwani hiyo mara nyingi ipo huduma ya pili ambayo wengi huitumia bila kuelezwa kanuni zake: hifadhi ya wingu, yaani nafasi ya kuweka mafaili katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa njia ya intaneti. Humo ndimo zinamowekwa rasimu za tasnifu, data za utafiti, picha za maabara, mihadhara na hata alama za mitihani.

Huduma hii imeondoa adha ya kubeba kazi ya miaka mitatu ndani ya flashi moja. Hata hivyo, imezaa pia dhana potofu kwamba faili likishafika kwenye wingu limekwisha kuwa salama. Makala haya yanaeleza jinsi hifadhi hiyo inavyofanya kazi, mahali ulinzi wake unapoishia, na wajibu wa mwanafunzi, mhadhiri na chuo chenyewe.

Kuhifadhi na kusawazisha

Wingu ni majengo ya kawaida yenye seva nyingi, umeme wa uhakika na mitambo ya kupoza joto. Huduma zinazofahamika zaidi katika elimu ni Google Drive na OneDrive ya kampuni ya Microsoft, ambazo hutolewa pamoja na barua pepe ya taasisi. Vipo pia vyuo vinavyoendesha hifadhi katika seva zao wenyewe kwa kutumia programu huria kama Nextcloud, iliyoanza mwaka 2016.

Huduma hizo hufanya kazi mbili zinazopaswa kutofautishwa. Kuhifadhi ni kuweka faili kwenye seva. Kusawazisha ni kuhakikisha kuwa faili hilo linafanana katika seva, kompyuta mpakato na simu janja ya mtumiaji. Programu ya usawazishaji hulinda zamu katika folda maalumu. Kila badiliko linalofanyika humo hupelekwa kwenye seva, na seva hulipeleka katika vifaa vingine vyote vilivyounganishwa na akaunti hiyo.

Neno la kuzingatia ni badiliko. Kufuta ni badiliko. Kuandika juu ya sura nzuri kwa sura mbovu ni badiliko. Kirusi kinachofunga mafaili ili mwenye nayo adaiwe fedha nacho huleta badiliko. Programu haiwezi kujua kuwa mtumiaji amekosea. Hutii na kusambaza kosa hilo kote kwa kasi ileile inayosambaza kazi njema.

Alama ndogo zenye maana kubwa

Ili kuokoa nafasi kwenye diski, programu nyingi huonyesha jina la faili katika kompyuta ilhali faili lenyewe liko kwenye seva tu. Katika OneDrive, alama ya wingu pembeni mwa jina humaanisha kuwa faili halipo kwenye kifaa na litapakuliwa pale litakapofunguliwa. Alama ya vema ya kijani humaanisha kuwa lipo. Google Drive nayo humpa mtumiaji wa kompyuta uchaguzi wa kuyaacha mafaili kwenye wingu na kuyafungua kwa mtandao, au kuweka nakala kamili kwenye diski.

Jambo hili huonekana dogo mpaka siku mtafiti anapofika kijiji kisicho na mtandao, akafungua kompyuta na kukuta hojaji zake zote ni majina matupu. Kabla ya safari ya kukusanya data, folda ya kazi iwekwe katika hali ya kupatikana wakati wote bila intaneti, kisha mtandao uzimwe kwa makusudi ili kuhakiki kuwa mafaili yanafunguka.

Nafasi ina mipaka

Kwa miaka kadhaa Google ilivipa vyuo nafasi isiyo na kikomo. Mwezi Februari 2021 ilitangaza kusitisha utaratibu huo, na kuanzia Julai 2022 kila taasisi ikapewa kiwango cha msingi cha terabaiti 100 za kugawana watumiaji wote. Microsoft nayo ilitangaza kiwango cha msingi cha terabaiti 100 kwa kila taasisi ya elimu kuanzia Agosti 2024. Katika huduma zote mbili, nafasi ya ziada hutokana na aina ya leseni inayolipiwa.

Terabaiti 100 ni nyingi kwa kuzitaja, lakini hesabu yake ni nyepesi. Chuo chenye watumiaji 40,000 kikizigawa sawasawa, kila mmoja hupata gigabaiti 2.5, ilhali akaunti binafsi ya Google isiyolipiwa ina gigabaiti 15. Kwa hiyo filamu na picha za sherehe zinazowekwa kwenye akaunti ya chuo hula nafasi ya data za utafiti za mtu mwingine. Chuo kinapoweka ukomo kwa kila mtumiaji, kinagawa rasilimali ya pamoja.

Usawazishaji si nakala rudufu

Nakala rudufu ni nakala inayokaa kando, isiyobadilika pale faili la kazi linapobadilika. Hifadhi ya wingu hutoa kinga inayokaribia hiyo, lakini kwa muda maalumu. Faili lililofutwa katika Google Drive hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30 kisha huondolewa. Katika OneDrive ya taasisi, muda wa kawaida ni siku 93. Huduma zote mbili hutunza pia matoleo ya awali ya faili, hivyo aliyeharibu sura ya tatu jana anaweza kurejesha ya juzi. Anayegundua hasara baada ya muda huo kupita hana uhakika wa kuipata tena.

Wala taasisi kubwa hazina kinga ya asili. Mwezi Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data kutoka mfumo wa hifadhi wa kompyuta zake kubwa. Chanzo hakikuwa moto wala wizi, bali kasoro katika programu iliyokusudiwa kutunza nakala rudufu, ambayo ilifuta mafaili takriban milioni 34 ya vikundi 14 vya utafiti.

Tarehe 26 Septemba, 2025, moto uliotokana na betri uliteketeza sehemu ya kituo cha data cha serikali katika jiji la Daejeon, Korea Kusini. Miongoni mwa mifumo iliyoangamia ni hifadhi ya wingu ya watumishi wa umma, ambamo kila mtumishi alitengewa gigabaiti 30. Terabaiti 858 za mafaili zilipotea, kwa kuwa mfumo huo haukuwa na nakala nje ya jengo hilo. Idara zilizokuwa zimeelekeza watumishi wao kuweka kazi zote humo ndizo zilizoumia zaidi.

Funzo la matukio haya ni kanuni inayofahamika kwa tarakimu 3-2-1: nakala tatu za kazi muhimu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae mahali pengine. Kwa mwanafunzi wa uzamili, kanuni hii haihitaji gharama kubwa. Nakala ya kwanza iwe kwenye kompyuta yake, ya pili kwenye hifadhi ya chuo, na ya tatu kwenye diski ya nje inayounganishwa mara moja kwa wiki, kisha ichomolewe na kuwekwa mbali na kompyuta. Nakala ihakikiwe kwa kuifungua, kwani nakala isiyofunguka haina tofauti na kutokuwa na nakala.

Intaneti inapoyumba

Mafaili yanayowekwa katika seva za nje ya nchi husafiri kwa mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika katika Bahari ya Hindi, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Katika hali kama hiyo, anayesubiri dakika ya mwisho kupakua tasnifu kutoka kwenye wingu hujikuta hana la kukabidhi.

Kuyumba kwa mtandao huleta pia mgongano wa matoleo. Watu wawili wakihariri faili moja wakiwa nje ya mtandao, programu inaweza kuunda mafaili mawili yenye majina yanayokaribiana. Yasifutwe kwa haraka; yafunguliwe, yalinganishwe, na kazi iunganishwe. Anayetumia bando la simu azuie picha na video kusawazishwa pasipo Wi-Fi, na asifunge kompyuta kabla programu haijaonyesha kuwa kazi yote imekwisha kupelekwa.

Sheria na taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini tarehe 1 Mei, 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na bayana, zilindwe dhidi ya upotevu na matumizi yasiyoruhusiwa, na zisitunzwe kuliko inavyohitajika. Taarifa nyeti, zikiwamo za afya na za watoto, zimewekewa ulinzi wa ziada. Sheria imeweka pia masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na kuziweka katika seva iliyo nje ya mipaka ni jambo linalogusa masharti hayo.

Kwa sababu hiyo, orodha ya wagonjwa waliohojiwa au alama za wanafunzi hazipaswi kuwekwa katika akaunti binafsi ya mhadhiri. Mtafiti aulize kwanza chuo chake ni hifadhi ipi imeidhinishwa kwa data za aina hiyo, atenge majina na majibu katika mafaili tofauti, na afuate masharti ya kibali chake cha maadili ya utafiti.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kiungo cha kushirikishana. Kiungo kinachomruhusu kila aliye nacho kufungua faili hakitambui kundi la WhatsApp kilikotupwa. Ruhusa itolewe kwa majina, iwe ya kusoma tu pale kuhariri kusipohitajika, na iondolewe kazi inapokwisha. Akaunti yenyewe ilindwe kwa nenosiri lisilotumika kwingine na kwa uthibitishaji wa hatua mbili. Barua pepe inayodai kuwa nafasi imejaa na kumtaka mtumiaji aandike nenosiri lake ipuuzwe, na itolewe taarifa kwa kitengo cha TEHAMA.

Siku ya kuondoka

Akaunti ya chuo ni mali ya chuo. Mwanafunzi akihitimu au mtumishi akihama, taasisi inaweza kuifunga kwa mujibu wa utaratibu wake, na mafaili yaliyomo yakafutwa, yakiwamo yale ambayo wenzake walikuwa wakiyatumia kwa ruhusa yake. Mradi wa utafiti uliohifadhiwa katika akaunti ya msaidizi mmoja unaweza kutoweka pamoja naye.

Data za mradi zinapaswa kuwekwa katika hifadhi ya pamoja inayomilikiwa na idara, ambayo haifi kwa kuondoka kwa mtu mmoja. Mhitimu naye ahamishe kazi zake binafsi mapema. Google, kwa mfano, ina zana ya kunakili mafaili kutoka akaunti ya taasisi ya elimu kwenda akaunti binafsi, pale chuo kinapoiruhusu. Data za watu waliohojiwa hazimo katika haki hiyo. Hubaki chini ya masharti zilizokusanyiwa.

Vyuo kwa upande wao vinawajibika kuwaeleza watumiaji, tangu wiki ya kwanza ya masomo, mambo manne: ukomo wa nafasi, muda wa kurejesha faili lililofutwa, aina ya data zinazoruhusiwa, na tarehe ya kufungwa kwa akaunti baada ya kuhitimu. Mtumiaji ambaye hajaelezwa mambo hayo anashauriwa kuyauliza katika kitengo cha TEHAMA cha chuo chake kabla ya kukikabidhi kazi ya miaka yake ya masomo.