Divai, Mvinyo au Pombe? Historia ya Majina katika Duka Moja la Bwera

Utangulizi

Mwenye duka moja la vinywaji mjini Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani Mpondwe, aliniuliza swali ambalo nililijibu vibaya. Dukani mwake mna rafu mbili za chupa za zabibu, nyingi zikiwa zimetoka Afrika Kusini. Siku hiyo, chini ya meza, alikuwa pia na chupa sita zisizo na lebo. Zilitoka Karambi, kwa kikundi cha akina mama wanaokamua ndizi mbivu, wakachachusha maji yake na kuyachuja hadi yakawa meupe.

"Mwalimu," aliniambia, "hawa akina mama wanataka jina la Kiswahili kwenye lebo, maana wanunuzi wengi wanavuka kutoka Kasindi. Tuandike nini? Divai ya ndizi, mvinyo wa ndizi, au pombe ya ndizi?"

Nilijibu bila kufikiri: "Divai ni ya zabibu, mama. Hiyo yenu ni pombe ya ndizi."

Alicheka kidogo. Kisha akanieleza kwamba chupa ikiitwa pombe, mteja atataka kulipa bei ya tonto inayochotwa kwa kikombe. Ikiitwa mvinyo, mteja yuleyule ataishika kwa mikono miwili, aisome, na kuuliza imekaa muda gani. Yaliyomo hayajabadilika hata tone. Kilichobadilika ni neno, na neno hilo ndilo linaloamua akina mama watapata nini kwa kazi ya wiki nzima.

Makala haya yananuia kulijibu upya swali lile kwa kufuata historia ya majina yenyewe. Ifahamike tangu mwanzo kwamba mwandishi hakusudii kumhimiza mtu yeyote anywe. Kwa wanafunzi wetu wengi kileo ni haramu kidini, na msimamo huo unastahili heshima. Hata hivyo, mtu anaweza kujifunza mengi kutokana na chupa ambayo hatainywa kamwe.

Majina yaliyokuja kwa bahari

Tuanze na tunda. Neno zabibu limetoka katika Kiarabu, ambako zabib ni zabibu zilizokaushwa. Zabibu mbichi hujulikana kwa jina jingine kabisa katika lugha hiyo. Kwa nini Waswahili walichukua jina la tunda kavu na kulitumia kwa tunda lenyewe? Sababu yaelekea kuwa ya kibiashara. Zabibu mbichi haziwezi kustahimili wiki kadhaa ndani ya jahazi, lakini zilizokauka hufika salama. Watu wa pwani walilijua tunda kavu kwanza, na tunda bichi lilipokuja likarithi jina la ndugu yake. Kisha Kiswahili kikafanya kazi yake ya kawaida: kikaongeza kiambishi m- na kupata mzabibu, jina la mmea. Neno hilo lilisafiri hadi bara, na leo Waganda husema omuzabbibu.

Kiarabu kilituachia pia jozi nyingine ambayo walimu wa sarufi wataipenda. Hamri, yaani kileo, na hamira, ile tunayotia katika unga wa mandazi, ni maneno ya mzizi mmoja. Waliounda maneno hayo waliona kwamba kinachoumua unga na kinachochachusha maji ya matunda ni jambo moja. Sayansi ya karne ya 19 ilikuja kuthibitisha kwamba hawakukosea.

Mvinyo ni mgeni wa njia nyingine. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na kwa muda wa karne mbili hivi Wareno walikuwa na nguvu katika pwani yetu. Walituachia maneno ya vitu vilivyoshuka kutoka merikebuni: meza, bendera, leso na pipa. Vinho yao ikawa mvinyo wetu, na neno likaingia katika ngeli ya U-I kana kwamba lilizaliwa humo. Jambo la kuzingatia ni kwamba mvinyo ulikuja pamoja na mabaharia na wafanyabiashara, watu wasiouliza sana kileo kimetengenezwa kwa tunda gani. Ndiyo maana maana yake ilipanuka mapema, na katika matumizi ya zamani inagusa hata vileo vikali kwa jumla.

Wakati huo pwani ilikuwa na kinywaji chake, tembo, kinachogemwa katika mnazi. Wanafunzi wa Kasese hushangaa wanaposikia hivyo, kwa sababu tembo wanayemfahamu wao ni yule wa Hifadhi ya Malkia Elizabeth anayevuka barabara kuu na kusimamisha magari. Lakini methali isemayo "mgema akisifiwa tembo hulitia maji" inatuonyesha kwamba watu wa pwani walikuwa na wataalamu wa kugema, walikuwa na waonjaji, na walijua tofauti kati ya tembo safi na lililochakachuliwa. Sanaa ya kuonja haikuletwa na chupa.

Divai na altare

Neno divai, kama wengi wanavyolieleza, limetokana na Kifaransa, du vin. Maelezo hayo yanalingana na historia ya wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Wafaransa, walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Ibada ya Misa haiwezi kufanyika bila divai, na kanuni ya Kanisa Katoliki inataka divai hiyo iwe ya zabibu tupu, isiyoharibika. Kwa hiyo divai iliishi ndani ya sakristia na ikabaki na maana finyu: tunda la mzabibu, basi.

Lakini hata ndani ya Biblia mpaka huo si imara. Katika tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, arusi ya Kana ina divai. Tukifungua Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, pale Paulo anapomshauri kijana wake kuhusu tumbo lake, tunakuta mvinyo. Katika Kigiriki neno ni moja tu, oinos. Watafsiri walikuwa na majina mawili mkononi, wakatumia yote mawili. Nilikuwa nimesahau jambo hili nilipomjibu mama yule kwa kujiamini sana.

Kanisa ndilo lililoleta pia mizabibu yenyewe katika Afrika Mashariki ya bara. Huko Dodoma, Tanzania, kilimo cha zabibu kilianzia katika mashamba ya wamisionari, hasa Bihawana, kisha kikaenea kwa wakulima wa kawaida. Dodoma ni mkoa mkavu ambao hupata mavuno mawili ya zabibu kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya analisikia kama ndoto.

Njia ya Rwenzori

Kwetu chini ya Rwenzori maneno yalipita njia ya miguu. Mwaka 1889 msafara wa Henry Morton Stanley ulipita kusini mwa milima hii na kufika Katwe penye chumvi. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja, waliojiita Wangwana, na jina lao limebaki katika Kingwana, Kiswahili cha majirani zetu wa Kongo. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome huko Katwe, kisha akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha karibu na Ziwa Albert. Hao ndio chimbuko la jamii ya Wanubi wa Uganda, na ujuzi wa kukeneka pombe kali hapa nchini unahusishwa nao. Wengi husimulia kwamba neno waragi ni Kiingereza kilichoharibika, lenye maana ya jini ya vita. Mimi naona ni rahisi zaidi kulihusisha na araki, neno la Kiarabu ambalo limezaa majina ya pombe kali hadi Uturuki.

Waragi ina somo kubwa kwa mada yetu. Mwaka 1965 serikali ya Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli. Kukeneka bila leseni kukawa kosa, na wakenekaji wenye leseni wakatakiwa kuuza pombe yao kwa kiwanda. Kiwanda kiliikeneka tena, kikaitia katika chupa na kuiita Uganda Waragi. Asili ni ileile ya ndizi au miwa. Kijijini ilikuwa enguli, jina la kukimbia polisi. Kiwandani ikawa waragi, jina la kujivunia. Hatusemi kwamba sheria haikuwa na sababu. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa wilayani Kabale kwa kunywa waragi iliyokuwa na methanoli. Lebo ya kweli inaweza kuokoa maisha. Tunachosema ni kwamba sheria, pamoja na kulinda afya, iligawa pia heshima.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, mwaka ambao mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zao za kazi. Hata hivyo chupa tunazoziona Bwera leo zilichelewa. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ya Afrika Kusini ulikamuliwa mwaka 1659, lakini enzi ya ubaguzi wa rangi nchi zetu zilisusia bidhaa za huko. Milango ilifunguka wazi baada ya uchaguzi wa mwaka 1994. Kwa hiyo rafu inayoonekana ya kale ni changa kuliko mwenye duka.

Wafaransa nao waliteta juu ya neno

Huenda msomaji akauliza: je, si kweli kwamba duniani mvinyo ni wa zabibu tu? Ni kweli kisheria katika nchi nyingi, lakini sheria hiyo nayo ina tarehe ya kuzaliwa. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu aitwaye filoksera aliangamiza mizabibu ya Ufaransa. Mvinyo ukaadimika, na wafanyabiashara wakaanza kuloweka zabibu kavu kutoka nje, wakazichachusha na kuuza maji yake kwa jina la vin. Wakulima walilalamika. Tarehe 14 Agosti 1889 ikapitishwa sheria kwamba jina vin ni la kinywaji kilichotokana na zabibu mbichi pekee.

Tazama ajabu hiyo. Mwaka uleule Wangwana walipokuwa wakipita Katwe na Kiswahili chao, Wafaransa walikuwa wakilizuia neno lao lisitumiwe kwa zabib, tunda kavu ambalo ndilo lililotupa sisi jina zabibu. Walikuwa na haki ya kulinda riziki ya wakulima wao. Lakini akina mama wa Karambi nao wana riziki ya kulinda, na Kiswahili si Kifaransa.

Kilichomo ndani ya chupa

Tofauti za kweli zipo, na tusizifiche. Zabibu ina sukari nyingi na maji ya kutosha. Ikipondwa huchachuka yenyewe kwa hamira iliyo juu ya ganda lake, na kileo chake mara nyingi hufikia asilimia 11 hadi 14. Ndizi za tonto huivishwa kwanza, kisha hukamuliwa pamoja na majani makavu, maji yake yakachujwa, yakaongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa siku moja au mbili. Tonto ni nyepesi zaidi na huharibika upesi. Akina mama wa Karambi hawatii mtama. Huchachusha kwa wiki kadhaa, wakachuja mara nyingi na kuziba chupa. Hiyo si tonto tena, na mimi nilikosea kuiita hivyo kabla sijaionja.

Mwenye duka ndiye aliyenifundisha kuonja. Alinipa bilauri mbili na kuniambia nitazame rangi kwanza, ninuse, kisha niache kinywaji kikae ulimini. Nilitafuta maneno nikayakuta yote yapo. Ukavu ule unaokwaruza ulimi katika mvinyo mwekundu tunauita ukakasi, na kila mtoto wa Karambi aliyewahi kuuma ndizi mbichi anaujua. Ukali mwembamba wa limau ni ugwadu. Kinywaji kilichopita kiasi kimechacha. Hata chombo cha kufungulia ni somo la unyambulishaji: ziba hutupa kizibo, zibua hutupa kizibuo.

Hitimisho

Nilirudi Bwera baada ya majuma mawili na kutengua jibu langu. Neno divai tuliachie zabibu, kwa kuwa historia yake ya altare imelifunga huko. Neno pombe si tusi, lakini ni pana mno. Halimwambii mnunuzi anachokipata. Mvinyo limekuwa neno pana tangu enzi za mabaharia, nalo linaweza kubeba tunda lolote mradi tunda hilo litajwe. Basi, "Mvinyo wa Ndizi", na chini yake: Karambi, Kasese, kiwango cha kileo, na tarehe ya kuziba chupa. Mwenye duka aliliandika jina kwenye karatasi, akalisoma kwa sauti mara mbili, akasema, "Hili atalielewa hata mtu wa Kasindi."

Kwa walimu wenzangu, nashauri zoezi dogo. Mpeni kila mwanafunzi lebo moja ya kinywaji chochote, hata cha soda, aeleze kila neno lililomo lilitoka wapi na lilipitia mikononi mwa nani. Tangu mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba ya Uganda. Watu wa mpakani hawahitaji kuambiwa hivyo, maana wanakitumia kila siku ya soko. Wanachohitaji kutoka kwetu ni majibu yaliyofikiriwa, kwa kuwa jibu la mwalimu linaweza kupunguza bei ya chupa.