Kila Kidudu na Dawa Yake

Fungueni madaftari. Andikeni maneno matatu: bakteria, penisilini, kifua kikuu. Leo tutajifunza historia ya antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Tutaona kwa nini dawa iliyomponya jirani yako huenda isikuponye wewe.

Bakteria ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho matupu. Mwaka 1928, katika mji wa London, daktari Alexander Fleming alikuwa akiotesha bakteria katika visahani. Kisahani kimoja kikaota ukungu, kama ule unaoota juu ya chakula kilicholala. Akaona ya kuwa karibu na ukungu huo bakteria wamekufa. Dawa iliyotoka humo akaiita penisilini. Mwaka 1941 wataalamu wa Oxford wakaanza kuwatibu wagonjwa kwa dawa hiyo.

Inafanyaje kazi? Fikirini tembe. Fundi akizuiwa kujenga ukuta, nyumba haisimami. Bakteria naye ana ukuta wake. Penisilini humzuia kuujenga, naye hupasuka akafa. Kwa njia hiyo iliponya nimonia, kaswende na vidonda vya usaha. Na mgonjwa wa buba alipona kwa sindano moja tu.

Lakini kifua kikuu hakikutii. Ukuta wa kidudu chake una mafuta mazito kama nta, tena kidudu hicho kina namna ya kuivunja penisilini. Ilibidi itafutwe dawa nyingine. Mwaka 1943, huko Marekani, Albert Schatz, aliyefanya kazi katika maabara ya Selman Waksman, aliipata streptomisini kutoka kwa vijidudu vya udongoni. Dawa hii haishughuliki na ukuta. Huingia jikoni, yaani mahali bakteria anapotengenezea protini zake. Iliweza kutibu kifua kikuu, na tauni pia. Mwaka 1948 lilitangazwa kundi la tetrasiklini. Nalo hushambulia jiko. Hutibu kipindupindu na trakoma, ule ugonjwa wa macho unaojulikana sana katika nchi kavu za Dodoma na Singida.

Hata hivyo, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa streptomisini peke yake walipata nafuu, kisha wengi wao wakaugua tena. Kwa nini? Ninyi wakulima mnalijua jambo hili. Ukipalilia shamba ukaacha magugu machache sugu, hayo ndiyo yatakayotoa mbegu. Kwa hiyo waganga wakaunganisha dawa. Isoniazidi iliongezwa mwaka 1952. Kidudu kilichookoka dawa moja, ya pili ilikiua.

Taabu ikabaki moja: matibabu yalichukua hata miezi 18. Ni mkulima gani atakayeweza kuhudhuria hospitali muda huo wote? Wengi waliacha njiani. Ndipo Afrika ya Mashariki ilipoufundisha ulimwengu. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali zetu, na kutangazwa mwaka 1972, yalionyesha ya kuwa dawa zenye nguvu, zikiwamo isoniazidi na rifampisini, zikitumiwa pamoja, miezi 6 yatosha. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu, ikisaidiwa na daktari Karel Styblo. Mgonjwa alimeza dawa mbele ya mtumishi wa afya. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliufanya mpango huo kuwa mfano kwa nchi nyingine.

Hata hivyo vidudu sugu vipo. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu tangu mwaka 2009, na kuwaponya ni kazi ngumu zaidi. Fleming mwenyewe alionya juu ya hatari hii mwaka 1945: dawa kidogo mno haimuui bakteria, humfundisha kuishinda.

Basi vidonge vilivyobaki nyumbani usimpe mtoto mwenye mafua. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Nenda upimwe, ujue kidudu chako, kisha umalize dozi, hata kama umeanza kujisikia mzima.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini penisilini haikuponya kifua kikuu?
2. Magugu yanatufundisha nini juu ya dozi isiyomalizwa?
3. Nyumbani kwako mna vidonge vilivyobaki? Utavifanyaje?