Kukoma Hedhi: Dalili za Kutambua
Mama wa miaka 47 anaamka usiku amelowa jasho, moyo unapiga mbio, na asubuhi anameza dawa za malaria bila kupimwa. Apimwe kwanza. Lakini joto linalopanda ghafula toka kifuani hadi usoni, kisha likapoa baada ya dakika chache, mara nyingi ni dalili kwamba hedhi inakaribia kukoma. Kwa wengi mabadiliko haya huanza baada ya miaka 40, na huchukua miaka kadhaa. Siku za mwezi huvurugika, usingizi hukatika, viungo huuma, hasira na usahaulifu huja. Uke hukauka na tendo la ndoa huleta maumivu. Mume asidhani amechukiwa (na sisi wachungaji tusikimbilie kukemea pepo). Miezi 12 mfululizo bila hedhi ndiyo kukoma kwenyewe, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo mimba bado inawezekana. Damu ikirudi baada ya miezi hiyo 12, hata matone tu, mama asingoje: aende hospitali apimwe, kwani inaweza kuwa kansa ya mji wa mimba au ya mlango wake.