Yule Mama Aliyetua KIA Machi 2020, na Mafua Yako ya Leo

Leo siji na umbea wa nani kaachana na nani. Nina stori ya mtu ambaye jina lake silitaji, lakini wengi wenu mnamkumbuka.

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, mama mmoja Mtanzania, miaka 46, alishuka kwenye ndege pale KIA. Alikuwa anatoka Ulaya, kapita Uswidi, Denmaki na Ubelgiji. Uwanjani akapimwa joto, homa hana. Akaja Arusha. Barabara ya KIA kwenda mjini inapita hapa hapa kwetu Kikatiti, kisha Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Alipofika hotelini akaanza kujisikia vibaya, akaenda mwenyewe hospitali ya Mount Meru. Kesho yake Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza: mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania.

Weee! Matusi yaliyomwagika mitandaoni siku zile nyie mnayajua. Eti katuletea gonjwa, eti angebaki huko huko. Na mimi sitajifanya malaika. Nilikuwa nimekaa stendi ya Kikatiti na bando langu la buku, ikaingia meseji ya kumtukana, nikaisambaza kwenye magrupu matatu. Nikacheka kabisa.

Sasa aibu yenyewe ni hii: wiki hiyo mimi nilikuwa na mafua. Napiga chafya ndani ya Hiace, najifuta kwa kiganja, halafu kiganja hicho hicho nampa konda nauli. Hakuna aliyenitukana. Yule mama alijisikia vibaya akaenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilizurura siku tano. Sasa niambie, nani alikuwa hatari?

Nilipoanza kusoma historia ndiyo nikagundua huu mchezo ni wa zamani. Mwaka 1918 homa kali ya mafua ilizunguka dunia nzima na kuua mamilioni ya watu. Ikaitwa mafua ya Kihispania. Unajua kwa nini? Siyo kwamba ilianzia Hispania. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa inaendelea, na nchi zinazopigana zilibana magazeti yao yasitoe habari mbaya. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika wazi kwamba watu wanaumwa. Basi, aliyesema ukweli ndiye akabandikwa jina la ugonjwa!

Huku kwetu ile homa iliingia kwa meli Mombasa, Septemba 1918, ikapanda treni kwenda bara. Waingereza walikuwa wameshajenga reli ya kijeshi kutoka Voi hadi kuungana na reli ya Tanga na Moshi. Wanajeshi na wapagazi waliochoka, wenye njaa, walibanana kambini na kwenye mabehewa. Tanganyika ikapoteza makumi ya maelfu ya watu. Na hakuna aliyejua adui anafananaje, kwa sababu kirusi cha homa hiyo kwa binadamu kilikuja kugunduliwa 1933.

Halafu sikia hii. Korona nazo siyo geni kama tulivyodhani. Kati ya virusi vya kwanza vya jamii hiyo kupatikana kwa binadamu, kimoja kilitoka kwenye pua ya mwanafunzi wa shule ya bweni Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa na nini? Mafua ya kawaida tu! Jina lake halitajwi mpaka leo, na hakuna aliyemtukana.

Kwa hiyo ukiangalia vizuri, kila safari ugonjwa ulipanda chombo tunachopanda sisi: meli, treni, ndege. Leo unapanda Hiace ya Kikatiti kwenda mjini. Virusi vya mafua viko zaidi ya aina 200. Mtu akikohoa, vinatoka na vitone vya mate. Akijifuta pua, vinahamia mkononi, kisha kwenye bomba la kushikia, noti, simu. Wewe unashika, halafu unajikuna jicho. Tayari, siku moja hadi tatu baadaye unaanza kuvuta kamasi.

Na ule msemo wa bibi zetu kwamba baridi inaleta mafua? Baridi peke yake bila kirusi haikupi mafua. Ila Juni na Julai, Meru ikishusha ubaridi wake, tunafunga vioo vya gari na madirisha, tunavuta hewa moja watu kumi na nane. Hapo kirusi kinakula sikukuu.

Dawa yake siyo ngumu. Nawa mikono kwa sabuni, sekunde 20. Kohoa kwenye kiwiko, siyo kiganjani. Fungua kioo hata kidogo, abiria wenzako wakinuna waache. Ukiumwa, kaa mbali na watoto wachanga na wazee. Na usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki, hizo zinaua bakteria, haziui virusi. Pumzika, kunywa maji, kwa kawaida ndani ya siku saba hadi kumi unakuwa sawa. Ukiona unahema kwa shida au homa haishuki, nenda hospitali.

Yule mama alipona, mwezi huo huo. Zile ndoo zenye koki tulizoweka kila mlango wa duka mwaka 2020 nyingi zimeshageuzwa za kuhifadhia unga. Meseji niliyoisambaza siwezi kuirudisha. Ila siku hizi nikiwa na mafua, nasema mapema: jamani msinishike mkono, naumwa. Wapo wanaonicheka. Bora hivyo.

Haya, na wewe 2020 ulisambaza nini? Kuwa mkweli, dondosha hapo chini.